Nyekundu chini ya nyeusi: kuifufua Bantam au kuiacha na makovu yake

Nilikuwa kibandani nyuma ya nyumba, hapa Birmingham, nimelipakata tangi la pikipiki nikilisugua kwa kitambaa chenye oili nyepesi. Sikuwa na haraka. Rangi nyeusi, iliyopakwa kwa brashi na mtu ambaye bila shaka hakuwa mpaka rangi, ikaanza kubanduka karibu na kifuniko, magamba madogo kama ya samaki. Nilitegemea kuona chini yake kijani iliyopauka, ile iliyopewa na kiwanda jina la kijani ya ukungu, ambayo ndiyo rangi inayokuja kichwani mtu akitaja BSA Bantam, pikipiki ndogo ya kampuni ya Kiingereza ya BSA. Ikatokea nyekundu.

Nyekundu hiyo imenirudisha kwenye swali ambalo kila anayefufua pikipiki ya zamani nyumbani kwake hukutana nalo, na nadhani wengi wetu hulijibu kabla ya kulisikiliza. Ukiwa na chuma cha miaka 70 na ushei, kazi yako ni kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani, au ni kuhakikisha kinatembea salama na kukiachia makovu yake?

Bantam haikuwa pikipiki ya matajiri, na hilo lina uzito katika hoja hii yote. Ilitoka mwaka 1948 kwa bei ya paundi 60 kabla ya kodi, injini ya sentimita 123 za ujazo, gia tatu, na mipigo miwili, yaani zile za kuchanganya petroli na oili. Mchoro wenyewe haukuwa wa Waingereza. Ulikuwa wa DKW RT 125 ya Ujerumani, ya mwaka 1939. Baada ya vita michoro ile ilichukuliwa kama sehemu ya fidia. BSA wakaipindua kama sura kwenye kioo ili kiki na gia vikae kulia, Warusi wakatoa Moskva M1A, Harley-Davidson wakatoa yao huko Marekani, na mwaka 1955 Yamaha wakaanza safari yao ya pikipiki na YA-1 iliyofuata mchoro huohuo. Aliyewahi kupanda Yamaha ndogo ya kuchanganya oili, Tanga au Kisumu, amekaa juu ya mjukuu wa mashine hii.

Zilitengenezwa hadi 1971, zaidi ya 350,000. Wakulima walizipanda, mafundi walizipanda kwenda kazini, na Posta ya Uingereza ilizinunua kwa wingi kwa ajili ya vijana wa kupeleka telegramu. Za Posta zilipakwa nyekundu.

Sasa tuwasikilize wanaotaka kila kitu kirudi upya. Hoja yao ninayoiheshimu kuliko zote nilifunzwa na mjomba wangu kabla sijajua kwamba ni hoja. Yeye alikuwa na Vespa, Unguja, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini aliitoa uani akaifuta kuanzia rimu mpaka kioo cha taa. Alikuwa na kopo dogo la rangi kwa mikwaruzo na brashi ya kupakia wino wa viatu kwa ajili ya mipira. Nilipompigia simu kumweleza kwamba hapa wapo watu wanaolipa zaidi kwa pikipiki yenye kutu yake ya asili kuliko iliyopakwa rangi mpya, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, aliyeinunua mwanzo aliinunua inang'aa. Hiyo kutu ni ya waliomfuata, hawakuitunza."

Ni kweli kabisa. Kijana aliyekusanya mshahara wake mwaka 1950 akanunua Bantam hakununua historia. Alinunua kromu, rangi laini, na picha ya jogoo ubavuni mwa tangi. Ukiiachia pikipiki kutu yake unamheshimu nani? Mtu wa nne aliyeitelekeza chini ya mti? Anayerudisha rangi na kromu anarudisha furaha ya yule wa kwanza, na hilo si jambo la kudharauliwa. Tena kazi yenyewe ni shule. Mtu anayeikongoa pikipiki mpaka nati ya mwisho, akasuka spoki upya na kunyoosha madigadi kwa nyundo ya mbao, anatoka na ujuzi ambao anayefutafuta kwa kitambaa hataupata kamwe.

Upande wa pili nao hawatetei uvivu, ingawa ndivyo wanavyosemwa. Hoja yao ni kwamba rangi ya asili haipakwi mara mbili. Ukishaipeleka fremu kupulizwa mchanga, ndani ya dakika chache umeondoa kila ushahidi wa nani alifanya nini: mchirizi wa brashi ya kiwandani, alama ya mkwaruzo wa nyaya kwenye shingo, rangi ya mwenyewe wa pili. Unaweza kuipaka tena kijani ileile, lakini hiyo ni kauli yako wewe kuhusu mwaka 1950, haiwi tena mwaka 1950 wenyewe. Na kwa kuwa watu wamezifufua Bantam kwa miongo mingi, zile ambazo hazijaguswa ndizo zimekuwa adimu. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na nimeona vidonda hivyo: kifuniko cha injini kimesuguliwa mpaka kinang'aa kama sahani ya arusi, kumbe BSA hawakuwahi kukitoa hivyo; madigadi ya kunakili yenye mzingo usiolingana na tairi; bolti za chuma kisichoshika kutu mahali ambapo palikuwa na bolti za kawaida.

Nami nimeumia kwa kuharakisha. Fremu ya pikipiki niliyoanza nayo, kabla ya hii, niliipeleka karakana fulani kupigwa rangi ya unga, ile inayopulizwa kavu kisha ikaokwa. Ikarudi nzuri kuitazama, nyeusi, laini, lakini rangi ilikuwa nene mno kiasi kwamba namba iliyogongwa kwenye shingo ilizama isisomeke. Kwenye Bantam za mwanzo namba ya injini na ya fremu hazikuwa zikifanana tangu kiwandani, kwa hiyo kila moja ni ushahidi peke yake. Nilikaa jioni mbili nikiitoa rangi kwenye tarakimu kwa ncha ya sindano, moja baada ya nyingine, nikiogopa kukwaruza chuma.

Kuna mahali ambapo ubishi huu hauna nafasi, napo ni ndani ya injini.

Injini ya mipigo miwili inatumia chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kama pampu. Pistoni ikipanda, chumba cha chini kinavuta mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, inaubana na kuusukuma juu kupitia njia za pembeni mpaka ndani ya silinda. Kwa hiyo chumba kile lazima kisivuje hata kidogo. Kinachozuia kuvuja ni sili mbili ndogo kwenye ncha za krenki, na sili ya zamani iliyokaa kavu miaka 30 inakuwa ngumu kama ganda la korosho. Hewa ikipenya hapo, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, oili haitoshi, na pistoni inakwama ukiwa barabarani na gurudumu la nyuma linakamatika. Hapo hakuna mtu wa kukuambia uache hali ya asili.

Yangu nilipoifungua, nilikuta uji mweusi chini ya krenki, mchanganyiko wa oili iliyooza na vumbi la chuma. Niliuchota kwa kidole nikausugua kati ya vidole viwili, ulikwaruza. Beringi ya kichwa kikubwa cha fimbo inayounganisha pistoni na krenki ilikuwa imeachia, ukiivuta fimbo juu na chini unasikia mgongano mdogo, tik, tik. Krenki ya Bantam imekazwa kwa kushindiliwa, hakuna bolti. Ili kubadilisha beringi unaigawa kwa presi, unashindilia pini mpya, kisha unainyoosha mpaka ncha zote mbili zizunguke bila kuyumba. Kazi ya presi nilimpa fundi mwenye mashine, ya kunyoosha niliifanya mwenyewe na nyundo ya shaba na kipimo chenye uso kama wa saa, gonga kidogo, pima, gonga, pima, karibu siku nzima. Silinda ilichongwa kupokea pistoni kubwa kidogo. Ringi nilizikalisha nikihakikisha mwanya wa kila moja umekaa kwenye kipini chake, maana ringi ikizunguka ncha yake inanasa kwenye tundu la silinda na kuvunjika.

Vyote hivyo ni vipya na sijutii hata kimoja. Vivyo hivyo breki na waya za taa.

Kipimo ninachokitumia sasa si kipya au cha zamani. Nauliza: nikikosea, aliye baada yangu ataweza kurudi nyuma? Sili anaweza kubadilisha. Pistoni ya zamani nimeiweka kwenye boksi. Rangi iliyopulizwa mchanga hawezi kuirudisha. Kila sehemu naipitishia swali hilo peke yake, siiamulii pikipiki nzima kwa mara moja.

Kipimo hicho kimenishinda kwenye jambo moja, na lazima nilikiri. Bantam yangu inawaka kwa magneto ya Wico-Pacy, kifaa cha kuzalisha umeme wa cheche, na platini zake, zile ncha zinazofungua na kufunga umeme huo. Nazipenda. Zikichafuka barabarani unazisafisha kwa kipande cha karatasi ngumu, unapima mwanya wa milimita 0.38, unapiga kiki, unaondoka. Lakini kondensa za siku hizi nyingi ni mbovu, na koili ya zamani ikipata joto inachoka. Upo mfumo wa elektroniki unaofungwa mahali pa magneto, haugusi fremu, hautoboi tundu, na unaondolewa kwa spana mbili. Kwa kipimo changu mwenyewe unaruhusiwa kabisa, hata wale wa hali ya asili hawana la kusema. Mimi bado nina platini, na sababu yangu ni mapenzi tu. Sitamlaumu aliyezitoa ili aende kazini bila wasiwasi.

Petroli nayo imebadilika chini yetu. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inavuta maji na inakula mipira ya zamani, na koki ya tangi ya Bantam ina kizibo cha gome kilichotengenezwa wakati hakuna aliyewaza ethanoli. Hapo asili imeniponyoka bila hiari yangu. Natumia petroli ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo na namwaga tangi majira ya baridi. Vitabu vya zamani vilitaka sehemu 20 za petroli kwa 1 ya oili. Oili za leo ni bora, nami natumia 32 kwa 1, moshi umepungua na plagi haijai masizi.

Kuhusu fedha nitasema kidogo: ukihesabu vipuri na kazi za nje, Bantam iliyofufuliwa yote mara nyingi humgharimu mwenyewe zaidi ya bei atakayoiuzia. Anayefuata faida asiingie. Sheria kwa upande wake ina huruma: chombo kilichozidi miaka 40, kisichobadilishwa kwa kiasi kikubwa, tangu Mei 2018 hakilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Ndiyo maana breki sikuzifanyia hisani ya historia, kwa sababu hakuna mkaguzi atakayenikamata nikikosea.

Tukirudi kwenye tangi. Nilichukua msasa laini nikafungua dirisha dogo, ukubwa wa kiberiti, upande usioonekana. Nyeusi, kisha nyekundu, kisha rangi ya msingi, kisha chuma. Hakuna kijani. Nikaenda kwenye fremu, na mbele, kwenye mirija ya chini, nikaona alama mbili za kubanwa ambazo nilizipuuza mwanzo. Ni mahali pangekaa mabano ya ngao za miguu, na pikipiki za Posta zilikuwa na ngao. Orodha za BSA za pikipiki zilizotoka kiwandani zimehifadhiwa na chama cha pikipiki za zamani, kwa hiyo namba ile ya shingoni inaweza kuulizwa ilipelekwa wapi. Nimeshaandika barua.

Kama ningefuata mazoea, fremu na tangi vingekwenda kwenye mchanga mwezi wa kwanza, vikarudi kijani safi, na ningekuwa nimeivalisha pikipiki ya tarishi nguo ya mtu mwingine huku nikiapa kwamba nimeirudisha asili. Hili ndilo linalonifanya niegemee upande wa kuacha. Anayefufua kwa haraka anadhani anaijua asili ya kitu alichonacho. Mara nyingi anaijua asili ya aina yake, ya hiki kimoja bado hajaiuliza.

Nyekundu yote siitafuti. Kuiondoa nyeusi yote kungekuwa kosa lilelile kwa rangi nyingine, na aliyeipaka kwa brashi naye aliipanda, pengine kwa miaka mingi kuliko tarishi. Dirisha nimelipaka nta, nimeacha.

Juzi iliwaka kwa kiki ya nne. Nilirekodi mlio nikamtumia mjomba kwa simu, najua pikipiki yenye rangi ya kubanduka hataki hata kuiona. Alisikiliza mara mbili, kisha akaniandikia: "Inakohoa ukiachia. Petroli inazidi, baba. Teremsha sindano."

Nikafungua kabureta, nikaiteremsha sindano inayopima petroli kidato kimoja, nikapiga kiki tena.