Kiapo cha Mfalme

Jumapili iliyopita tulikuwa tumezunguka jiko tukingoja nyama iive, mjomba wangu akatangaza kwamba Jenerali China, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na Waingereza kutoka msitu wa Mlima Kenya, alikuwa msaliti. Eti aliapa katika KAR, jeshi la mfalme wa Uingereza huku Afrika Mashariki, kisha akaenda msituni. "Askari ni kiapo," akasema, na kugeuza mbavu. Mjomba ni polisi mstaafu na mbuzi alikuwa wake, basi nikanyamaza. Hapa hakuna mbuzi wake.

China, jina lake halisi Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri, aliingia KAR mwaka 1942 akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Baadaye alisimulia kwamba huko askari mmoja Mwingereza alimwuliza: mimi nikifa hapa nimekufia nchi yangu, wewe je, nchi yako itapata nini? Mjomba, swali hilo halikutoka kwa Mau Mau. Lilitoka kwa Mzungu aliyevaa gwanda la mfalme huyo huyo. Kama Itote alihama, alianza kuhama siku ile, bunduki ya mfalme ikiwa bado begani.

Vita vikaisha. Wazungu waliopigana wakatafutiwa mashamba kwenye nyanda za juu, kama wenzao wa vita vya kwanza. Itote akapata nini? Kazi ya kuchochea moto kwenye injini za reli. Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kiapo kina watu wawili: anayeapa na anayeapiwa. Yule wa chini akikivunja ni msaliti, anyongwe. Yule wa juu akikivunja ni sera ya ardhi. Na kuapa kwa ajili ya mfalme usiyewahi kumwona hata kisogo kulikuwa ustaarabu, ila kula kiapo na majirani zako kwa ajili ya shamba la babu yako, huo ulikuwa ushenzi! Nieleweshwe.

(Kingine kinachonichekesha: kuishi na kupigana porini alifunzwa na jeshi lao wenyewe, kwa gharama zao. Msitu wa Mlima Kenya ukapata jenerali wa bure.)

Kama mjomba anataka askari wa KAR aliyekaa upande wake, yupo. Vikosi vya KAR kutoka Uganda vililetwa Kenya kuwinda Mau Mau, na ndani yake alikuwemo kijana mtiifu sana, aliyependwa na wakubwa wake na kupandishwa vyeo hadi akawa ofisa. Aliitwa Idi Amin. Mtundike ukutani, mjomba.

Sawa, kuna Januari 1954. China alikamatwa na jeraha la risasi, akahukumiwa kunyongwa, akakubali kuwaita wenzake kwenye mazungumzo na serikali, na kamba ikaondolewa shingoni. Mazungumzo yakavunjika. Hapo sina utetezi mrefu. Waliobaki msituni kwenye baridi walikuwa na haki ya kumlaani, na siwapokonyi. Lakini haki hiyo ni yao. Haikurithiwa na mtu anayegeuza mbavu, tena asiyelalamikia hata hilo la 1954! Kinachomuuma mjomba ni gwanda la mfalme.

Itote alifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Kenya, mahali alipofungwa Kenyatta, akaachiliwa 1962, na baada ya uhuru akawa miongoni mwa wakubwa wa NYS, huduma ya vijana kwa taifa. Sasa sikiliza hili. Marufuku ya Mkoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003. Ndiyo, miaka arobaini tangu bendera ipande. China alifariki 1993. Yaani serikali ilimpa ofisi na mshahara, na kwenye vitabu vyake vya sheria chama alichokiapia kikabaki haramu mpaka akaingia kaburini. Kwa hiyo nakiri, mjomba: kwa miaka yote hiyo sheria ya Kenya huru ilikuwa upande wako.

Jumapili hii mbuzi ni wangu. Njoo mapema.