Magimbi ya Nakivubo, samaki wa Kolkata

Ukitaja kuzalisha chakula kwa majitaka, jibu la kwanza huwa kinyaa na la pili huwa Nakivubo. Hilo la pili lina uzito. Bonde hilo la mafunjo jijini Kampala hupokea maji ya mfereji wa jiji kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, na mitambo ya Gaba inayowanywesha wakazi huvuta maji kutoka ghuba hiyohiyo. Mwaka 1999 kazi ya kusafisha maji inayofanywa na bonde hilo ilikadiriwa kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Hata hivyo mafunjo yalifyekwa, yakapandwa magimbi na miwa. Basi wapo wanaosema chakula na usafi wa maji havikai bonde moja: ondoa wakulima, jenga mtambo wa kusafisha majitaka.

Kilichotokea wamekieleza vizuri. Sababu yake ndiyo wameikosea.

Mafunjo hutengeneza mkeka unaoelea, na maji hupita chini yake taratibu yakichujwa na mizizi. Mkulima wa magimbi anahitaji udongo usiozama, kwa hiyo huchimba mitaro. Maji yakishapata mtaro hayasambai tena, hukimbilia ziwani. Kila gimbi likichimbuliwa, tope hutifuka na kuondoka nayo. Zaidi ya hapo, zao limewekwa pale maji yanapoingia yakiwa bado machafu, na mkulima anasimama peku kwenye tope lenye mayai ya minyoo. Kosa ni mpangilio: chakula kimetangulia, usafishaji ukafuata.

Mashariki mwa Kolkata, India, mpangilio ni kinyume chake. Ni eneo la hekta 12,500, lililoingia mwaka 2002 orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, lenye mabwawa zaidi ya 200 yanayopokea majitaka ya jiji. Hayati Dhrubajyoti Ghosh, mhandisi wa serikali, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzieleza ofisi za umma kile ambacho wafugaji wa samaki walikuwa wakikifanya tayari. Wakati wa baridi bwawa hukaushwa, tope huzolewa, sakafu huachwa ipigwe jua, kisha hutiwa chokaa. Majitaka huingizwa hadi kina kisichofika mita moja na kuachwa yatulie, kwa kawaida wiki mbili au tatu, mpaka yageuke kijani. Hapo hutangulizwa vifaranga wachache wa majaribio. Wakiishi, wengine hufuata. Kuanzia hapo majitaka huongezwa kidogo kidogo, asubuhi jua likishatoka, na maji yanayotoka bwawani huenda kwenye mashamba ya mpunga. Kingoni hufungiwa ukanda wa magugu maji ili mawimbi yasile tuta.

Hizo wiki mbili au tatu ndizo zinazobeba kila kitu, na ndizo wakosoaji huziruka. Kwa kina kidogo hivyo, mwanga hufika mbali. Mwani, yaani vijimea vidogo sana vinavyoyapa maji rangi ya kijani, hutoa oksijeni na kuondoa kaboni dayoksaidi, hivyo pH (kipimo cha uasidi, ambacho hupanda uasidi ukipungua) ya mchana huweza kupita 9. Jua, oksijeni na pH hiyo kwa pamoja huua bakteria wa kinyesi. Mayai ya minyoo hayafi upesi hivyo, ila ni mazito na huzama, mradi maji yasikoroge sakafu. Kwa umwagiliaji, Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi yai moja kwa lita. Tope linalozolewa, basi, ni hatari kuliko maji, na halifai kupelekwa bustani ya mchicha likiwa bichi.

Piga hesabu. Watu 1,000 wakitoa lita 100 kila mmoja kwa siku, ni mita za ujazo 100. Kuyahifadhi siku 20 kunahitaji mita za ujazo 2,000, yaani kwa kina cha mita moja, kama nusu ekari. Hakuna pampu ya hewa wala bili ya umeme. Mtambo wa kisasa hukalia eneo dogo zaidi, lakini husafisha kile tu kilichoufikia kwa bomba, na wakazi wengi wa Kampala hawajaunganishwa na bomba hilo.

Mabwawa yana kasoro zake. Usiku mwani huo huo hula oksijeni. Ukizidisha majitaka, samaki watahema juu ya maji kabla ya alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi wamekufa. Amonia ya majitaka nayo huwa sumu kali zaidi pH inapopanda, ndiyo maana majitaka hayamwagwi kwa mkupuo. Samaki anapaswa kuwekwa siku kadhaa kwenye maji safi kabla ya kuuzwa, atolewe matumbo mbali na minofu, apikwe aive. Mfanyakazi anahitaji buti na dawa ya minyoo, na mara nyingi hapati vyote viwili.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya viwanda. Metali nzito kama risasi, kadimi na kromi hazifi kwa jua wala kwa siku 20. Hukaa kwenye tope au kwenye gimbi. Kolkata ina viwanda vya ngozi, na Kampala ina viwanda vinavyomwaga kwenye mfereji uleule wa Nakivubo. Hapa naungana na wakosoaji bila masharti: palipo na kiwanda na choo kwenye mfereji mmoja, usifuge wala usilime cha kuliwa. Rudisha mafunjo, ziba mitaro, uza mikeka ya mafunjo. Bwawa la samaki lianzie kwenye mtaa wa makazi, ambako mfereji haujafika kiwandani, na ambako nusu ekari bado haijajengwa.