Ukisema Kiswahili Vizuri Mno, Wewe si wa Hapa

Shangazi yangu aliolewa Mombasa, Mji wa Kale, kabla sijazaliwa. Mara ya kwanza kupelekwa kwake nilikuwa na miaka sita, na siku hiyohiyo nikawachekesha majirani wote. Aliniita kutoka jikoni: "Ndoo!" Nikatoka mbio uani, nikarudi na ndoo. Akaitazama, akanitazama na mimi. "Ndoo wewe, mwanangu, si ndoo ya maji!" Ndipo nilipojua kwamba kwa watu wa Mvita, yaani Mombasa yenyewe, njoo ni ndoo, njia ni ndia, macho ni mato. Na sisi Tanga tuko mwendo wa nusu siku tu kwa basi.

Kituo cha mpakani tulikopita asubuhi ile sikikumbuki hata kidogo. Ndoo naikumbuka mpaka rangi yake.

Mpaka wenyewe una asili ya 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana wagawane kwa mstari unaotoka mlango wa mto Umba, unakwenda bara, unauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini na kuishia Ziwa Victoria. Wadigo wakaamka wako pande mbili, na Wasegeju vilevile. Mpaka leo Kidigo utakisikia Mkinga upande wetu na utakisikia Kwale upande wa Kenya, na kukiwa na msiba huku, watu wa kule huvuka kuja kuzika. Kwa hiyo anayesema mipaka yetu ilifuata lugha hajafika Horohoro, mpakani kwetu. Mstari ulitangulia, lugha ikaja kuukolezea wino.

Na ilikoleza kwa vitu vidogo kabisa. Mjerumani alileta sarafu yake ya heller 1904. Serikali yake ikafa, sarafu ikafa, na sisi wa bara bado tunaulizana una hela? Alileta pia neno lake la mahali pa kusomea, nasi tukalifanya shule. Unguja na Pemba zilikuwa chini ya Mwingereza, wakachukua lake: mtoto wa Unguja asubuhi anakwenda skuli, wa Bagamoyo ng'ambo ya maji anakwenda shule. Nchi imeungana tangu 1964, Mjerumani hayupo zaidi ya miaka mia, lakini mpaka wake na Mwingereza bado unasikika mtoto akiulizwa anakwenda wapi na begi lake.

Kisha ikaja Kamati ya Lugha, 1930, ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja kwa pamoja. Ilikwishaamuliwa kwamba Kiswahili cha vitabuni kitakuwa kile cha Unguja mjini. Kimvita, lahaja iliyokuwa na washairi wake tangu zamani, kikaachiwa jikoni na barazani. Watoto wa shangazi waliandika "njoo" darasani, wakirudi nyumbani wanaitwa "ndoo". Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya, kwani bila kuchagua lahaja moja nisingeandika makala haya yakasomeka Bujumbura na Muscat. Ila tangu hapo tulipata Kiswahili kimoja kinachoitwa sahihi, na kwenye sahihi hapakosi mtu wa kusahihishwa.

Baada ya uhuru kila nchi ikashika njia yake. Nyerere alikifanya Kiswahili ndiyo Utanzania wenyewe: shule za msingi, mahakama za mwanzo, mikutano ya kijiji, jeshini. Kenyatta aliamuru Bunge la Kenya litumie Kiswahili 1974, lakini Kiingereza hakikuondoka kitini. Matokeo yake ni kitu ambacho mimi hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Huku kwetu, ukikosea Kiswahili watu wanauliza umetoka wapi. Kwa jirani zetu, ukikisema vizuri mno ndipo wanapouliza umetoka wapi.

Niliwahi kuingia kibanda cha chai Nairobi nikasema, "Samahani dada, naomba chai ya maziwa na chapati mbili." Dada akaweka mikono kiunoni akacheka. "Aki wewe ni wa Tanzania!" Akaniongezea nusu chapati bure, kwa ajili ya hiyo "naomba" tu. Wakenya wengi wanasema "nipe" bila ubaya wowote. Ni sisi wa huku tunaonuna tukidhani tumeamrishwa.

Nusu chapati hiyo binamu yangu hakuipata. Kazaliwa Mombasa, baba yake kazaliwa Mombasa. Alipokwenda kuomba kitambulisho, afisa wa ofisi moja alimsikiliza maneno mawili matatu kisha akamwambia, "Kiswahili chako kimenyooka sana. Mama yako ni wa wapi?" Akatakiwa alete cheti cha baba, halafu cha babu. Ilimchukua karibu mwaka mzima. Na katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili! Yaani mtu alitiliwa shaka uraia wake kwa kuijua lugha ya taifa lake.

Yeye alikuwa na vyeti vya kuonyesha. Wapemba wa Kilifi na Kwale hawakuwa navyo. Wengine babu zao walifuata samaki kabla ya uhuru, wengine walikuja baada ya Mapinduzi ya 1964, wakazaa na kuzeeka palepale. Kiswahili ndiyo lugha waliyonyonya kwa mama zao, lakini serikali ilisubiri hadi 2023 kuwatambua kuwa moja ya jamii za Kenya. Wamakonde wa Kwale nao, 2016, ilibidi wafunge safari ya miguu kuelekea Nairobi wakadai vitambulisho. Miaka yote hiyo hawakuwa na haki ya kupiga kura, na Mpemba baharini hakuwa na karatasi ya kumwonyesha askari.

Msomaji wa Tanzania asianze kutabasamu. Kigoma, Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba Muha wa kijijini anaweza kuulizwa yeye ni Mrundi kwa sababu tu ya lafudhi, ndani ya mkoa aliozaliwa bibi yake. Hata hivyo kuna jambo moja tulilifanya ambalo mimi bado najivunia. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 kati yao pamoja na watoto wao walipewa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Watoto wale walikuwa wamesoma kwa Kiswahili, wanashabikia Simba na Yanga, wanagombana kwa Kiswahili. Lugha iliwavusha kabla ya karatasi, na kwa mara moja serikali ikakubali ilichosikia.

Ndiyo maana sipendi hotuba za kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kwamba Kiswahili hakina mipaka. Kinayo, na sisi wasemaji ndio walinzi wake. Tunamcheka Mkongo wa Lubumbashi akisema chake, tunamwita Mkenya mbovu wa lugha, naye anatuita wapole wa bure. Sina neno na utani. Nchi zote jirani hutaniana. Shida inaanza pale utani huo unapoingia ofisini ukakaa kiti cha afisa, kwa maana hakuna sheria hata moja inayosema lafudhi ni ushahidi, na bado kuna mafaili yanayofungwa kwa sababu yake. Cheti kinaweza kuombwa na kikakaguliwa. Sikio la afisa nitalikatia rufaa wapi?

Shangazi sasa ni mjane, na huja Tanga akae mwezi, miezi miwili. Soko la samaki limekwisha mjua. Akifungua kinywa tu, wauzaji wanasikia Mombasa, na kwa wauzaji wetu Mombasa maana yake ni shilingi ya Kenya, basi bei inapanda papo hapo. Siku hizi tukienda naye amejifunza. Anasimama nyuma yangu na mtandio wake umefika puani, anachagua samaki wa changu kwa kidole, na mimi ndiye ninayesema.