Cheo kinapoanza kuhubiri

Kambi ya wanamaji ya Mtongwe haiko mbali na kivuko cha Likoni, na vijana wetu wa dini zote hulisaka jeshi kwa udi na uvumba. Lakini mtu akitaja itikadi kali ya dini jeshini, hapa Mombasa macho yote humgeukia kijana wa Kiislamu. Dhana hiyo imetuumiza miaka mingi. Tena inatuficha tatizo lenyewe.

Ni kweli kwamba imani kali ikivaa sare huua. Tarehe 6 Oktoba 1981, Rais Anwar Sadat wa Misri akitazama gwaride mjini Cairo, Luteni Khalid Islambouli na wenzake waliruka kutoka kwenye lori la jeshi wakammiminia risasi. Sare ndiyo iliyowafikisha mbele ya jukwaa.

Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa sababu hakuna aliyejificha. Katika chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga, Colorado, kocha wa timu alitundika bango kwenye chumba cha kubadilishia nguo likitangaza kwamba wao ni timu ya Yesu Kristo. Malalamiko ya wanafunzi waliobanwa kwa ajili ya dini yao yakazidi hadi uchunguzi ukafanywa mwaka 2005. Miaka mitano baadaye ikabainika kwamba darubini za bunduki zilizotumika Iraq na Afghanistan zilichorwa alama za aya za Biblia, Yohana 8:12 ikiwemo. Fikiria askari Mwislamu wa jeshi hilohilo, amelenga shabaha kwa kifaa hicho.

Wapo wanaosema basi dini ibaki nje ya lango la kambi. Siafikiani nao. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na Januari 2016 kambi ya El Adde ikavamiwa, wakafa wengi. Aliyelala handakini usiku kama ule anamhitaji Mola wake, na kasisi au imamu aliye karibu ni haki yake. Imani hiyohiyo ndiyo huwazuia wengine wasimtese mateka. Wala Uislamu haujawahi kumpunguzia mtu utiifu kwa nchi: jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 lilizimwa na wanajeshi walioongozwa na Mahmoud Mohamed, Mwislamu, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996.

Kwangu mimi mpaka uko kwenye amri. Mzee wa mtaa akinialika msikitini naweza kumwambia "inshallah" nikaenda zangu. Kuruta hana njia hiyo. Afande anayemwandikia ripoti ya kupandishwa cheo akimwambia "karibu kwenye maombi", amekwisha kumwamuru, hata akitabasamu. Katiba yetu ya 2010 inasema katika ibara ya 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na ya 32 inakataza mtu kulazimishwa kutenda kilicho kinyume na imani yake. Watasema afande naye ana haki ya kuitangaza imani yake. Anayo, lakini si mbele ya safu iliyosimama wima ikimngoja aseme "legeza".

Na wanaopima itikadi kali kwa urefu wa ndevu wanajidanganya. Tangu polisi walipouvamia Msikiti Musa Februari 2014, vijana wa hapa wanajua jinsi inavyokuwa kushukiwa kwa sura tu. Mwenye nia mbaya hunyoa. Anayebaki kuumia ni mcha Mungu asiye na kosa.

Kinachohitajika ni mahali pa kulalamika palipo nje ya mkono wa mkuu wa kikosi. Kwa sasa askari aliyebanwa juu ya dini yake, mkubwa wa kwanza wa kumpelekea malalamiko huenda ndiye huyohuyo aliyemwita kwenye maombi.