Daftari Lililobaki Kamukunji

Nilikuwa kwenye foleni ya saiba moja, duka la kompyuta na kuchapisha, hapa Umoja, Nairobi, Jumamosi asubuhi, nikingoja kuchapisha fomu. Mbele yangu walisimama wanafunzi watatu wa Gredi ya 10 waliokuja kuchukua ripoti ya mradi wao wa huduma kwa jamii. Kijana wa saiba alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, kazi ya wenzao wa wiki iliyotangulia. Akafuta majina ya mwanzo, akaandika yao, akabandika picha ya watu wanaofagia soko. Msichana mmoja akauliza, "Na hili soko ni la wapi?" Kijana akajibu bila kugeuka, "Andikeni Gikomba."

Gikomba ni matatu moja tu kutoka pale. Wangeweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Niliudhika njia nzima hadi nyumbani. Sikuwakasirikia wale watoto hata kidogo. Wameagizwa karatasi, wakaifuata mahali karatasi inapopatikana. Hasira yangu iko kwetu sisi watu wazima. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 tumelalamika kwamba watoto wanakariri tu. Sasa kuna somo, hili tunaloliita CSL (Community Service Learning), yaani kujifunza kwa kuihudumia jamii, ambalo kila aliyeingia sekondari pevu Januari 2026 lazima alisome, awe kwenye sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Somo zima la kumtoa mwanafunzi nje ya darasa! Nasi tumelirudisha ndani ya darasa na kulifungia kwenye faili lenye jalada la plastiki.

Msimamo wangu ni mmoja. Mwanafunzi hujifunza nje ya darasa pale tu ambapo kuna mtu anayeingoja kazi yake, mtu atakayepungukiwa na kitu asipoileta. Asipokuwepo mtu huyo, mtoto anajua. Anajua siku ya kwanza kabisa, na ndiyo maana anakwenda saiba.

Nilipokuwa kidato cha 2, mwalimu wetu wa Jiografia alinipa ufunguo wa kituo kidogo cha hali ya hewa nyuma ya bweni. Kila siku saa tatu asubuhi nilimimina maji ya kipimamvua kwenye chupa yenye alama, nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji, nikasoma milimita. Asubuhi moja ya Aprili kulikuwa na matope mengi, nikaandika namba ya kubuni nikiwa bwenini. Jioni yake mzee aliyetunza shamba la shule akanijia na kuniuliza mvua imefika ngapi, kwa sababu alikuwa anaamua kama apande maharagwe kesho. Sikuweza kumwambia ile namba. Nilimwambia ukweli, na mpaka leo nikisikia mvua ya usiku juu ya bati nafikiria ile chupa. Hakuna mtihani wowote wa Jiografia ulionifundisha kuheshimu kipimo kama swali la yule mzee.

Basi wiki ile ile ya saiba, mpwa wangu anayekaa kwetu, naye Gredi ya 10, akanijia. "Mjomba, naomba pesa ya saiba. Ripoti ya CSL ni kurasa kumi na picha." Nikamwambia pesa ya saiba sina, ya nauli ninayo. Jumamosi iliyofuata tukaenda Kamukunji, kwa mafundi wa bati.

Anayejua Kamukunji ya jua kali anajua kwamba unaisikia kabla ya kuiona. Nyundo mia zinagonga bati kwa wakati mmoja. Tulimfuata fundi wa masanduku ninayemfahamu, haya haya masanduku ya chuma ambayo watoto wetu huyabeba wakienda bweni. Alikuwa ametandika bati la futi 8 kwa 4 chini, anachora kwa msumari na rula ya mbao. Mpwa wangu akamwamkia, akaeleza shida yake. Fundi akamtazama, akampa kipande cha bati kilichobaki na mkasi. "Nitengenezee kisanduku kidogo. Vipimo chagua wewe."

Msichana huyu anapata alama nzuri za Hisabati. Eneo la pande sita za mche mstatili kwake ni jambo la dakika mbili. Akachora vizuri, akakata, akakunja kwenye ukingo wa kipande cha reli kama alivyoona fundi akifanya. Pande zikasimama wima, lakini hazikushikana. Kulikuwa na mwanya mdogo kila kona. Fundi akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule mwanya. "Hapa utashikisha na nini?" Hakuwa ameacha mkunjo. Kwenye daftari la shule upande wa sanduku ni mstari, na mstari hauna unene wala hauhitaji kupigwa riveti. Kwenye bati unahitaji upana wa kidole zaidi kila upande, na ukizidisha, lile bati la futi 8 halitoi masanduku uliyopanga, na hasara ni ya mwenye bati. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu kona zilikutana. Uso alioufanya sijawahi kuuona akiwa ameshika karatasi ya mtihani.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Jumamosi ya tatu aligundua kwamba fundi anahesabu kila kitu kichwani: bati, bawaba, riveti, rangi, malipo ya kijana anayemsaidia. Akanunua daftari la kurasa 96 na kuanza kuandika gharama za kila sanduku. Akapata kwamba sanduku dogo, lile linalotoka haraka zaidi, ndilo linaloacha faida ndogo kuliko yote, kwa sababu rangi na bawaba ni karibu sawa na za lile kubwa. Fundi hakuamini. Walizozana. Wakapiga hesabu upya pamoja, na tulipokuwa tunaondoka akamwita kwa sauti juu ya zile nyundo zote: "Msichana wangu, ile hesabu ya sanduku la katikati uniletee Jumamosi, usisahau!" Tukiwa kwenye matatu akaitoa kalamu, akaanza kuifanya akiwa amesimama.

Shuleni lile daftari lilikataliwa. Lilikuwa na mafuta, na halikuwa na jalada wala picha. Akaambiwa aipige chapa ripoti. Nilikwenda kuonana na mwalimu nikiwa nimejiandaa kugombana, na nakiri kwamba niliondoka nimenyamaza. Ana wanafunzi zaidi ya hamsini, masomo mawili mengine, na tarehe ya kuwasilisha alama. Hawezi kuwa Kamukunji, Dandora na Mathare siku moja. Sawa. Lakini anaweza kuuliza swali moja ambalo halihitaji nauli: nani alikuwa anaingoja kazi hii? Mwanafunzi amlete mtu huyo, au ampigie simu mbele yake. Dakika tatu zinatosha kutenganisha ripoti ya saiba na nyingine yoyote.

Wazazi wanaosema mtaa si salama wana haki, ndiyo maana nilikwenda naye. Wanaosema muda huu ungetumika kusoma, waniambie yule fundi na mpwa wangu walikuwa wanafanya nini pale chini kama si kusoma. Na wala si jambo geni kwetu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na yeyote aliyewahi kupanda jukwaani na kwaya ya shule anajua vile sauti yake ilivyongojwa na wenzake.

Tulipiga chapa. Kurasa kumi, jalada la plastiki, picha mbili nilizopiga kwa simu. Shule ina hiyo nakala. Daftari lenyewe limetobolewa pembeni na kutundikwa kwenye msumari kibandani, karibu na makopo ya rangi. Jumamosi iliyopita nililishusha kuangalia. Kurasa nne za mwisho hazina mwandiko wa mpwa wangu. Ni herufi kubwa, nzito, za kalamu ya kuchorea mbao: BATI. BAWABA. RANGI. Na mbele ya kila neno, bei ya wiki hiyo.