Vumbi jeupe la Siena, vumbi jekundu la Lushoto

Nilimtumia mjomba wangu picha niliyopigwa Monte Sante Marie, jirani na mji wa Asciano. Barabara nyeupe imelala juu ya mgongo wa kilima, saipresi zimejipanga upande mmoja, nami nimeshika baiskeli, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Hazikupita dakika mbili simu ikaita.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Hii picha umepigia wapi? Si ulisema uko Italia?”

“Ndiko niliko.”

“Mbona barabara kama ya kwetu kule juu? Wazungu nao wamekosa lami?”

Nikamwambia lami wanayo tena ya kutosha, ila hii wameiacha hivi kwa makusudi, na watu wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kuipita. Akanyamaza. Nikajua hajaniamini. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake, na kwa kila mtu wa kwetu ambaye barabara ya vumbi inamtia aibu.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Huu ni mwaka wa saba naishi Castelnuovo Berardenga, mkoani Siena, nafanya kazi kwenye ghala la mvinyo. Siku za mapumziko nanyonga baiskeli. Huku kuna baiskeli wanazoziita graveli. Ukiiona kwa mbali utadhani ni ya mashindano, usukani umejipinda kama pembe za kondoo dume, lakini tairi zake ni nene, milimita 40 au zaidi, na breki zake ni za sahani. Tairi hazina tyubu. Ndani mna majimaji yanayoziba tundu mwiba ukiingia. Siku ya kwanza kuliona hilo nilimkumbuka fundi wetu wa pale stendi: beseni lake la maji, msasa, solusheni, na kipande cha tyubu kuukuu alichokuwa akikipunguza kwa mkasi mpaka kiwe duara kamili ndipo akibandike.

Barabara hizi zinaitwa strade bianche, yaani barabara nyeupe, kwa ajili ya rangi ya changarawe yake. Sababu ya kubaki bila lami inanigusa sana. Zamani vilima hivi vilijaa watu. Mwenye ardhi alimpa mkulima shamba na nyumba, mkulima akalima na familia yake, mavuno wakagawana nusu kwa nusu. Miaka ya 1950 na 1960 vijana wakachoka, wakakimbilia viwandani mijini. Mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo. Nyumba za mawe zikabaki na popo. Lami ilipokuja ikafuata watu walikohamia, na njia za huku vilimani zikabaki kama zilivyokuwa, kwa kuwa waliobaki kuzidai walikuwa wachache.

Kwa hiyo ninapopita hapa na kuona uzuri wote huu, najua uzuri huo umetokana na watu kuondoka. Mimi pia niliondoka kwetu. Kuna nyumba moja naipita kila wiki, paa limeingia ndani, mtini umeota jikoni na kutokeza dirishani. Kila nikifika hapo napunguza mwendo.

Mwaka 1997 bwana mmoja aitwaye Giancarlo Brocci na wenzake wa Gaiole in Chianti waliona kwamba hata hizi zilizobaki zitapotea. Wakaanzisha safari ya baiskeli waliyoiita L'Eroica. Mara ya kwanza walijitokeza watu 92. Sharti lake ni kuja na baiskeli ya chuma ya mwaka 1987 au ya kabla ya hapo, zile zenye giya za kuvuta kwenye bomba la fremu. Sasa wanakuja maelfu, na njia yao ya kilomita 209 imewekewa vibao mwaka mzima, yeyote aweza kuifuata. Mwaka 2007 yakaanza mashindano ya wanaolipwa, Strade Bianche, na wanawake wakapata mashindano yao mwaka 2015. Wanaingia Siena kwa kupanda Via Santa Caterina, kichochoro chenye mwinuko wa asilimia 16, kisha wanateremka Piazza del Campo, uwanja mkuu wa mji. Nimesimama pale pembeni mara mbili. Nyuso za washindani zimekuwa kijivu kwa vumbi, macho tu ndiyo yanaonekana, na wazee wa mji wanapiga makofi wakilia.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu. Kwetu tumezoea kuona barabara ya vumbi ni barabara isiyokuwa bado barabara. Tunaisubirisha. Kila uchaguzi tunaahidiwa lami, na kwa kuwa lami inakuja, hakuna anayezibua mtaro. Tunaiacha ife ili ionekane kweli inahitaji lami. Hilo ndilo kosa letu kubwa, na nalisema kwa uchungu.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, masika yalikata barabara yetu. Lori la kabichi likakwama siku tatu. Harufu ya kabichi zinazooza kwenye matenga siwezi kuisahau. Ni nzito, inakaa kwenye nguo. Wakulima walisimama pembeni wamefunga mikono, ada za watoto wao zinavuja maji meusi mbele ya macho yao. Na kilichokata barabara kilikuwa nini? Kalavati moja. Lilikuwa limejaa mchanga na majani tangu mwaka uliotangulia. Maji yakakosa pa kupita, yakapita juu, yakaondoka na barabara. Sote tulikuwa tunaliruka kalavati lile kila siku tukienda shule.

Huku, jirani yangu ni mzee wa miaka themanini na ushee. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri namkuta barabarani na jembe. Pale kwenye mteremko barabara imekatwa na vijifereji vya mshazari, kimoja kila baada ya hatua kadhaa, ili maji yasipate nafasi ya kukimbia na kuchimba. Yeye anavipitia kimoja kimoja, anakwangua mchanga na kuutupa chini ya mizeituni. Nilimuuliza siku moja kama serikali inamlipa. Akanitazama kwa mshangao. “Mwanangu, hii ni njia ya nyumbani kwangu.”

Baadaye nikaja kujua kwamba nyingi ya njia hizi kisheria ni za majirani wenye mashamba yanayopakana nazo. Kuna amri ya mwaka 1918 inayowaruhusu kuungana na kuzitunza, na pale njia inapotumiwa na umma halmashauri inatakiwa kuchangia kuanzia sehemu moja ya tano hadi nusu ya gharama. Nilipoelewa hivyo, neno moja tu lilinijia: msaragambo. Ndiyo msaragambo wetu huo! Babu zetu walikuwa wakiitana kwa pembe, kila kaya inatoa mtu na jembe, asubuhi moja kilomita nzima imezibuliwa. Tofauti ni kwamba huku umeandikwa kwenye sheria na halmashauri inaweka mkono wake, na kwetu tumeuacha tukaona ni mambo ya kizamani.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Lushoto isipate lami. Mama mjamzito anayeshushwa kutoka kijijini kwenda hospitali usiku hahitaji mandhari. Barabara kuu ya mazao iwekwe lami, tena leo. Lakini njia za vijijini zitabaki za vumbi miaka mingi ijayo, tupende tusipende, na barabara ya vumbi yenye mtaro safi inapitika masika na kiangazi. Nimeipita hapa miaka saba.

Kuna na suala la baiskeli yenyewe. Kwetu anayepita na baiskeli ana matenga mawili nyuma, jasho linamtiririka, na basi linampigia honi atoke njiani. Ukipata hela kidogo unanunua pikipiki ili usionekane mnyonge. Jumapili hapa nanyonga na daktari, muuza nyama na fundi bomba, na kwenye mlima anayeheshimiwa ni mwenye mapafu. Hilo nalipenda kuliko yote. Ila Italia si peponi. Barabara za lami huku zinaua: mwaka 2017 Michele Scarponi, aliyewahi kutambuliwa kuwa mshindi wa Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuizunguka Italia, aligongwa na gari dogo la mizigo akiwa mazoezini karibu na nyumbani kwake. Mwisho wa mwaka 2024 ndipo sheria ikawataka madereva wakae mita moja na nusu wanapompita mwenye baiskeli, pale barabara inaporuhusu. Wengi wetu tunakimbilia vumbi kwa sababu huko tutarudi nyumbani salama.

Agosti moja tulikwenda kaskazini, Piemonte, kupanda Colle delle Finestre. Kilomita kama 18 za kupanda mfululizo, nane za mwisho ni changarawe, na juu kabisa ni zaidi ya mita 2,170. Ukisimama kwenye pedeli gurudumu la nyuma linateleza; inabidi ukae, ukunje mgongo, unyonge taratibu kama unayetwanga. Kwa saa nzima sikusikia sauti ya mtu, ila wanyama wadogo wa milimani wakipiga miluzi. Nilifika juu nikafurahi, kisha nikahisi upweke ulionishika koo.

Likizo iliyopita niliazima baiskeli, nikatoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba hadi Mtae. Njia ni ngumu kuliko ya Finestre, nasema kwa hakika ya miguu yangu, maana unapanda, unashuka, unapanda tena, na makorongo yanakuvunja viganja. Mbega walikuwa juu ya miti. Lukozi nilipata pancha, kijana akaiziba huku mama mmoja akinisukumia chai na chapati bila kuniuliza. Watoto walinikimbilia kila kona, mmoja akasukuma baiskeli kwa nyuma mlima mzima, miguu peku, anacheka. Mtae ukifika mwisho wa njia, ardhi inakatika na nyika ya Mkomazi yote iko chini yako. Toscana yote, eneo hili la Siena, hakuna mahali kama pale.

Wakenya wameshaliona hili. Tangu mwaka 2021 wana mashindano ya baiskeli ya changarawe Maasai Mara, na marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Timu Amani, timu ya baiskeli ya Afrika Mashariki, alikuwa miongoni mwa waliolipeleka jina la Afrika Mashariki kwenye barabara za vumbi za dunia, mpaka ajali ya mashindanoni Vermont, Marekani, ilipomchukua Agosti 2022.

Juzi nikampigia mjomba. Nikamuuliza habari za kalavati letu. “Lipo, limejaa.” Nikamwambia Februari nakuja, kabla ya masika, awape taarifa majirani na aniwekee jembe. Akauliza, na baiskeli je? Nikamjibu nakuja nayo.