"Kila mtu ana ukweli wake" ni maneno ya kudhulumu

Juzi nilikaa kwenye kikao cha kusuluhisha ugomvi wa deni. Mmoja anasema alirudisha fedha zote, mwenzake anasema hajaona hata senti. Baada ya mabishano marefu, msimamizi akafunga daftari na kusema, "Kila mtu ana ukweli wake, tuheshimiane." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nililala na hasira.

Jamani, fedha ama zilirudi ama hazikurudi! Kama hujui nani mkweli, sema hujui, hakuna atakayekulaumu. Ila kutojua kwako hakuzifanyi fedha zile zile ziwe zimerudi kwa huyu na hazijarudi kwa yule. Na ukimwambia aliyedhulumiwa kwamba anao ukweli wake, umemnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho: haki ya kusema "huyu anasema uongo". Maana kama kila mmoja ana wake, basi hawapingani kabisa. Stakabadhi ya nini? Shahidi wa nini? Anayeshinda ni yule ambaye fedha ziko mkononi mwake.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishasema: kusema kuwa kilichopo kipo, na kisichopo hakipo, ndio ukweli. Mwaka 1933 mwanamantiki Alfred Tarski akalifinyanga upya wazo hilo kimantiki. Sentensi "theluji ni nyeupe" ni kweli ikiwa, na ikiwa tu, theluji ni nyeupe. Wengi hapo huuliza, sasa ametuambia nini? Tazama upande wa pili, yale yanayofuata baada ya "ikiwa tu". Hakuna jina la msemaji, hakuna "kwa maoni ya fulani". Kuna theluji na rangi yake, basi.

Najua maana za maneno ni makubaliano yetu. Kesho tukikubaliana kwamba "nyeupe" maana yake ni nyeusi, sentensi ile itakuwa ya uongo, lakini theluji haitageuka hata kidogo.

Nakubali pia, shingo upande, kwamba watu wawili huweza kukifikia kitu kimoja kwa njia tofauti. Mwanafalsafa Gottlob Frege alilieleza hilo mwaka 1892 kwa mfano wa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni: majina mawili, kila moja na namna yake ya kuionyesha sayari ile ile, Zuhura. Mitazamo miwili, sawa. Lakini aliyeamini kwamba ni nyota mbili hakuwa na ukweli wake. Alikosea.

Na usemi wenyewe, "kila mtu ana ukweli wake", ni kweli kwa nani? Mwanafalsafa Plato alishambana Protagoras, aliyefundisha kwamba mambo ni vile kila mtu anavyoyaona, kwa swali la aina hiyo katika kitabu chake Theaetetus.

Mtaniambia "nina njaa" ni kweli nikisema mimi na uongo ukisema wewe uliyeshiba. Ndiyo, kwa sababu hapo tumesema mambo mawili. Ukishajua nani kasema na lini, linabaki swali moja tu: ana njaa au hana?